Nafasi Waliyoiacha Ng'ombe

Watu wengine huzikwa mara moja, imetosha. Mzee Salu Ngeleja, huko upande wa Dutwa, alipata kaburi lake akiwa hajaota mvi hata moja, na mkewe Nyamizi alilipita kila asubuhi akienda kukamua, huku mwenye kaburi yuko ndani anapiga chafya.

Vita ya Burma ndiyo iliyoleta mambo hayo. Salu alichukuliwa kuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, mwaka uleule aliooa. Baadaye ikaja habari kutoka bomani kwamba amekufa. Maiti hakuna. Baba yake hakuwa mtu wa kumwacha mwanawe azurure hewani. Akachimba kaburi zizini, walipozikwa wanaume wa mji ule, akazika ngozi ya kulalia ya Salu pamoja na kigoda chake. Nyamizi akanyolewa nywele, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Basi nywele zikiwa zimeshaota tena, mchana kweupe, marehemu akatokea njiani na koti refu la jeshi. Akasalimu, "Mwadila," kama mtu aliyetoka mnadani. Jamani! Nyamizi alitupa mtungi akakimbilia kwenye mtama. Baba mkwe akamzuia mwanawe mlangoni, maana aliyezikwa hapiti mlangoni. Wakatoboa ukuta wa nyuma, Salu akaingia nyumbani kwake kama mwizi. Na kaburi?

"Lisiguswe," baba mkwe alisema. "Limechimbiwa mtu. Mkilichezea litadai."

Litadai nini, hakusema, na hilo ndilo lililomkaa Nyamizi rohoni. Maana ng'ombe hawakulala pale. Zizi lilikuwa dogo, walibanana tumbo kwa tumbo, lakini mahali pale, urefu wa mtu aliyejinyoosha, palibaki patupu. Kukicha, samadi imetapakaa kila upande, pale pasafi. Panamngoja mume wangu, Nyamizi alijiambia akikamua.

Na alikuwa mume hasa, tusimnyime haki yake. Walizaa watoto watano. Asubuhi aliwapanga mstari, "Mguu sawa!" akiwakagua kucha na masikio, nao wakicheka mpaka wakaanguka. Lukresia, kifungua mimba, aliposhikwa na homa, Salu alimbeba mgongoni mpaka zahanati, na mito imejaa. Nyamizi alipokuwa mzazi, Salu alishika jiwe akasaga mtama mwenyewe. Wanaume wenzake wakamcheka. Akawaambia waje wale ugali kwanza, kicheko baadaye. Mwanamke akipata mume wa namna hiyo haachi kuogopa kumpoteza.

Tena kulikuwa na ile salamu. Kila jioni akitoka kwenye pamba, kabla hata ya kunawa, Salu alisimama zizini akasema, "Mwadila." Aliinamisha sikio, kisha akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Nyamizi hakuuliza. Jibu ndilo aliloliogopa.

Mwaka wa sabini na nne ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Watu walilia, wakaacha maboma ya babu zao. Nyamizi alifurahi! Pengine alikuwa mwanamke pekee aliyefunga vyombo huku akiimba. Kaburi lingebaki, mumewe angeondoka. Siku ya kuhama, paa limeshaezuliwa, watoto wametangulia na mizigo, akamkuta Salu ameketi zizini kati ya ng'ombe.

"Mimi sihami."

"Baba Lukresia, utabaki hapa na nani?"

"Na mwenyewe wa hapa."

Nyamizi uvumilivu ukamwishia. "Mwenyewe si wewe? Si ngozi yako iliyomo? Miaka yote unalisalimu kaburi lako, unalibembeleza likuchukue!"

Salu akamtazama kwa mshangao. "Kumbe ulidhani najisalimia mwenyewe?"

Ndipo akamweleza habari za Anatoli, Mkerewe aliyelala naye hema moja. Walikuwa njiani msituni, mvua haikatiki, Anatoli akazidiwa na homa. Alipokata roho walimlaza kando ya njia wakaenda, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kusimama na kuchimba. Kabla ya hapo alikuwa amemshika Salu mkono akimwomba asimwache nje. Salu akaahidi.

"Nimerudi nakuta kaburi limechimbwa, halina mtu. Nikamkaribisha. Akaingia. Ahadi ni deni, Mama Lukresia. Nimwache porini mara ya pili?"

Nyamizi alimtaka mumewe, na hakuwa na njia nyingine. Akapiga magoti kwenye kile kipande kisafi.

"Mwangaluka, shemeji. Mimi Nyamizi. Tunahama. Twende wote, kule tutakupa mahali. Ila nakuomba, huyu niachie kwanza."

Dume jekundu, zee la zizi, likaja taratibu, likakunja magoti, likalala palepale ambapo hapakuwahi kulaliwa na ng'ombe. Salu akasimama akajikung'uta koti.

"Ameshatoka," alisema. "Twende."

Kijijini walijenga zizi jipya la miiba. Asubuhi ya kwanza Nyamizi alikwenda kukamua, akakuta ng'ombe wamebanana, na katikati pana nafasi tupu, urefu wa mtu. Akasalimia, akakamua.

Ikawa desturi yao. Salu alizeeka, meno yakapukutika, akawakagua wajukuu kucha na masikio. Kila asubuhi Nyamizi akirudi na maziwa, Salu alimwuliza, "Mwenzangu amelala vizuri?" Naye alijibu, "Amelala."

Hata siku moja ya kiangazi Nyamizi akaingia zizini na kibuyu chake, akasimama. Ng'ombe wote walikuwa wamejibana upande mmoja, wengine wakining'iniza vichwa juu ya miiba. Nafasi ilikuwa ya watu wawili.

Hakukamua. Alirudi ndani, akamkuta Salu ameshakunja blanketi lake kijeshi, anakunywa uji, hata kikohozi hana.

"Mwenzangu amelala vizuri?"

"Amelala."

Salu akatazama kibuyu kitupu. "Wamesogea?"

Nyamizi akaketi chini, machozi yakamtoka. "Nilimwomba akuachie."

"Si ameniachia? Tumelea mpaka wajukuu."

Nyamizi alilikunjua lile blanketi, akamfunika miguu. Kisha akamwongezea uji, naye akaunywa wote.