Sebule ya Pili

Juzi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, hapa Nachingwea, mhandisi wa kike aliwafungulia mume na mke mchoro wa nyumba wanayotaka kujenga kwenye kompyuta. Nyumba ikapanda yenyewe kwenye kioo, kila hatua na mwezi wake na gharama yake. Humo kwenye kioo, pesa zao za korosho zikaishia kwenye kuta, mvua ikaanza, paa hakuna.

“Baba watoto, tuvujiwe tena mwaka huu?” mke akauliza, kisha akamgeukia mhandisi. “Mwanangu, hiyo sebule ya pili toa.”

“Na wageni wangu, mama watoto?” mume akadakia.

“Si mnakaaga barazani mpaka chai inapoa!”

Mhandisi akabonyeza. Sebule ikatoweka, bati likapanda kabla ya mvua. Mume akashika kichwa, wateja tukapiga vigelegele.

Wajukuu zangu, nimeona vyumba vikivunja ndoa. Hiki kilivunjwa chenyewe, na hakuna aliyepigwa na vumbi.