Chatu Aliyekataa Kucheza

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, pale Turffontein, mtaa mmoja wa Joburg, niliamini kwamba chatu wa Mzee Masanja alijua mambo. Bibi ndiye aliyenitia imani hiyo. Alikuwa amekuja kutoka Shinyanga kwa harusi ya mama mdogo, na kila jioni alinisimulia habari za wayeye, wacheza nyoka wa Usukumani, wanaochanjwa dawa ili wasiumwe.

"Lakini nyoka hachezi penye msiba," alisema. "Hata umpigie ngoma mpaka ngozi ipasuke."

Mzee Masanja alikuwa mlinzi wa ofisi huko Marshalltown, katikati ya jiji. Siku za Jumamosi alimchezesha chatu wake kwenye sherehe za Watanzania.

Alhamisi kabla ya harusi nilimkuta mama bafuni akilia, simu mkononi. Mjomba Shija, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa amefariki huko nyumbani.

"Usimwambie Bibi," mama alisema. "Tutamwambia harusi ikiisha."

Nikanyamaza siku mbili, nikila meza moja na Bibi.

Jumamosi mchana uani kulijaa watu. Ngoma ikalia, Mzee Masanja akafungua sanduku. Chatu alitoka taratibu, akapita miguuni pa bibi harusi, akaenda kujikunja mbele ya kiti cha Bibi. Akatulia. Mzee alimwinua mara mbili. Mara mbili akateleza na kurudi palepale.

"Eish," jirani mmoja alisema polepole, akaacha kupiga makofi.

Mzee akainua mkono, ngoma ikakoma.

"Mama," alimwambia Bibi, "hapa pana msiba."

Bibi akamtazama mama. Mama akainamisha kichwa. Ndipo Bibi aliponigeukia mimi.

"Mjukuu wangu, ni nani?"

"Mjomba Shija."

"Wameshamzika?"

"Leo asubuhi," mama akajibu.

Bibi hakupiga yowe. Alivua kilemba chake cha harusi, akakikunja, akakiweka mapajani.

Sasa mimi ni mtu mzima, na najua habari za msiba huenea haraka kati ya Watanzania wa Joburg. Huenda Mzee Masanja alidokezwa. Mama alimuuliza baadaye, naye mzee akaapa hakujua lolote. Mimi sina hakika hata leo. Ninachojua ni kwamba Bibi angeweza kupanda ndege Ijumaa akamzike mwanawe. Mama alidhani anamhurumia, nami nilidhani natii. Siku hizi nikisikia watu wananong'ona kwamba mfiwa asiambiwe kwanza, mimi huingia chumbani kwake, nikakaa karibu naye, nikamwambia.