Hati Iliyomtaka Thomas

Jirani yangu Thomasine Pettifer alikuwa mjane, msokota sufu, na mbishi wa kutupwa. Hapa kwetu Suffolk, Uingereza, mwaka ule wa mwisho wa Malkia Mary, wabishi wa dini walichomwa moto wakiwa hai. Makasisi walimtaka akiri kwamba mkate wa altare hugeuka kuwa mwili wa Kristo. Akakataa, wakamhukumu.

"Kiri tu urudi nyumbani," nilimwambia kwenye dirisha la gereza. "Neno halivunji mfupa."

"Mwenzangu, nitasemaje nisichokiamini?"

Nilikasirika, nikamwachia jibini niliyomletea nikaenda zangu.

Novemba kuni zilipangwa sokoni. Hati ya kumchoma ikafika kutoka London, maana bila hati mkuu wa mji haruhusiwi kuwasha moto. Mkuu wetu, Gregory Lufkin, mtengeneza ngozi, aliisoma polepole mbele ya watu wote. Akarudia mstari mmoja.

"Wewe ni Thomas Pettifer, mwanamume?"

"Hapana. Mimi ni Thomasine."

"Labda kanyoa ndevu," mtu akadakia, watu wakacheka kwa woga.

Mjumbe wa askofu akaja juu. "Karani kakosea, Bwana Lufkin. Muulize kama si yeye aliyehukumiwa."

"Basi karani arekebishe. Nikichoma mwanamke kwa hati ya mwanamume, kesho nitashtakiwa mimi." Akaikunja hati, akaagiza mfungwa arudishwe gerezani.

Hati ikarudi London kwenye mvua na matope. Siku ya tisa kengele za kanisa zikalia: malkia amefariki, na mdogo wake, asiyefuata dini ya makasisi wale, amemrithi. Hati nyingine haikuja. Baada ya majuma machache Lufkin alifungua mlango wa gereza kwa mkono wake, na mimi, sioni haya kusema, nililia mpaka kamasi zikanitoka.

Nilimkalisha jikoni kwangu nikampa mchuzi wa njegere. Alimaliza mabakuli mawili, kisha akainuka kuhakikisha komeo la mlango limefungwa.

"Kumbe uliogopa?" nikamuuliza.

"Sana. Lile swali la mjumbe ndilo lililoniogopesha zaidi. Lufkin angeniuliza, ningejibu ndiyo, ni mimi."

"Hata kuni ukiziona pale?"

"Hata kuni nikiziona. Lufkin ananijua tangu utotoni, anajua siwezi kudanganya. Ndiyo maana hakuuliza."