Barua ya Kusema Hajalewa

Jumanne nilikuwa kliniki moja ya Kawangware, nikingoja kunyooshwa bega. Mbele yangu mama mmoja wa mtaa wa mabanda wa Laini Saba alikuwa akifundishwa kutembea upya. Alikuwa akifua nguo za watu kwenye magorofa ya Nyayo Highrise, hadi ugonjwa wa sikio la ndani ulipomletea kizunguzungu akaanguka kwenye ngazi.

"Ukiwa nyumbani tembea hatua kumi, ukigeuza kichwa huku na huku," mtaalamu wa mazoezi akamwambia.

"Daktari, nyumba yangu haina hatua kumi."

"Basi fanyia nje."

Mama akashika ukuta. "Nje nikiyumba wanasema nimelewa. Hata mdosi niliyekuwa namfulia alinifuta kazi juu ya hiyo, na pombe sijawahi onja. Si uniandikie barua useme sijalewa?"

Mtaalamu akachukua karatasi, akaandika na kugonga muhuri. Mama akaisoma mara mbili.

Nikamuuliza kama sasa atarudishwa kazini.

"Walishachukua mwingine," akasema. "Hii ni ya kuonyesha watoto wangu. Majirani wamewaambia nalewa."

Kizunguzungu kina mazoezi yake, msomaji. Ya midomo ya majirani sijui yanafundishwa kliniki gani.