Walisema Nimemkondesha Mke wa Mtu

Nilianza kufundisha watu mazoezi mjini Kitale, katika jim ndogo iliyokuwa orofa ya juu ya duka la mbegu na mbolea. Msimu wa kupanda mahindi harufu ya mbolea ilipanda ngazi pamoja na wateja, tukawa tunapiga chafya huku tukiinua vyuma. Nilikuwa nimesomea ualimu wa michezo, nikakosa nafasi ya kuajiriwa shuleni, na jim ndiyo iliyonifungulia mlango.

Baba yangu, mkulima wa Kachibora, hakuielewa kazi hiyo hata kidogo.

"Ati mtu anakulipa ndio umtoe jasho?" aliniuliza. "Si akuje hapa kwangu apalilie mahindi? Jasho itatoka bure."

Wateja wangu wakati huo walikuwa vijana waliotaka vifua vya kupigia picha. Walijaa mwezi wa Januari, na mvua zikianza wakapotea. Niliwapigia kelele jinsi nilivyoona walimu wengine wakifanya kwenye video, kwa kuwa nilidhani kelele ndiyo kazi yenyewe.

Asubuhi moja akaingia mama wa umri wa mama yangu. Alikuwa na sketi ndefu na kitambaa kichwani, na alikuwa ameshika ukuta akihema kwa sababu ya ngazi. Vijana wawili waliokuwa mbele ya kioo walitazamana, mmoja akaficha kicheko.

"Mwalimu ni nani hapa?"

"Ni mimi, mama. Karibu, keti upumzike kwanza."

Alikuwa akiuza vitenge sokoni Kitale, na nyumbani kwake kulikuwa Kamukuywa, upande wa Bungoma, alikokwenda kila mwisho wa wiki. Daktari alikuwa amemwonya juu ya presha.

"Ameniambia nitembee," alisema. "Lakini nikitembea magoti inauma, na nisipotembea presha inapanda. Sasa mimi nifanye nini? Na suruali sivai, nakuambia mapema."

"Sketi ni sawa kabisa, mama. Kuja asubuhi kabla ya hawa vijana."

Alipokuja kesho yake sikumpa chuma chochote. Nilimwomba tu aketi kwenye kiti kisha ainuke bila kujisukuma kwa mikono. Alijaribu, akarudi chini. Akajaribu tena, akarudi. Akacheka, na kicheko kikageuka njiani, nikaona anapangusa macho kwa ncha ya kitambaa.

"Nimebeba watoto, nimebeba magunia," alisema. "Leo nashindwa kujibeba mwenyewe."

Chuoni tulifundishwa majina ya misuli, hatukufundishwa ukae vipi na mtu anayelia kwa sababu ya kiti. Nilileta mito nikaiweka juu ya kiti kiwe kirefu zaidi, nikakaa mbele yake, nikamwambia tutaanzia hapo. Akainuka. Baada ya hapo tukawa tunapunguza mito polepole, na sauti yangu nayo ikapungua bila mimi kujua.

Miezi ikapita. Akapunguza sukari kwenye chai, akakata ugali nusu na kuongeza mboga. Akaanza kupanda ngazi huku akinisalimia kutoka chini. Nguo zake zikawa kubwa, akazipeleka kwa fundi zikashonwa upya. Nilijivuna sana. Nilimwambia kila aliyenisikiliza kwamba huyo ni mtu wangu.

Sikufikiria kwamba kuna watu wengine waliokuwa wakimtazama. Huku kwetu mtu akinenepa watu husema ametulia kwake. Akikonda, wanaanza kuuliza anaugua nini. Alienda mazishini Kamukuywa, shemeji zake wakaona mifupa ya shingo yake, na maneno yakaanza. Wengine walisema amepata ugonjwa anaoficha. Kina mama wa kanisani wakamletea mayai na kumwambia pole. Na wengine, waliojua kwamba kila asubuhi huingia mahali fulani Kitale penye vijana wenye vifua, walisema jambo lingine.

Siku moja alikuja bila mfuko wake wa viatu, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, mimi sitakuja tena."

Kisha akanieleza. Kaka mkubwa wa mume wake alikuwa ameitisha kikao cha familia Jumamosi, pale Kamukuywa. "Wanataka nieleze. Na baba watoto anasema hata wewe ukuje. Usipokuja watasema umetoroka."

Niliogopa. Niliendesha darasa la jioni bila kujua ninachosema, halafu nikaenda Kachibora kumweleza baba nikitarajia anicheke. Hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Huwezi ingia boma ya watu peke yako ukiwa umeitwa kwa neno kama hilo," alisema. "Mtu akiitwa, anaenda na watu wake. Tutaenda."

Jumamosi alivaa koti lake la kanisani. Sisi ni watu ambao babu zetu walihamia Trans-Nzoia kutoka mkoa wa kati, na njiani nilikuwa nikiwaza jinsi mzee wangu atakavyopokelewa na watu wa kabila lingine. Alipofika aliwapa mkono, akavua kofia, akaulizia mvua na bei ya mbolea kabla ya jambo lingine lolote. Wakampa kiti kizuri.

Sebule ilikuwa imejaa. Mume wa yule mama, aliyestaafu kutoka ofisi za serikali, alikuwa ameketi akitazama mikono yake. Mama mzazi wake, bibi kizee ambaye kila mtu alimwita kukhu, alikuwa amezama kwenye sofa pembeni, shuka magotini. Kaka mkubwa ndiye aliyeanza.

"Kijana, wewe ndio mwarimu ya kukondesha watu?"

"Mzee, mimi sikondeshi watu. Ninawafundisha wapate nguvu."

"Nguvu gani na tunaona mifupa? Huyu aliolewa hapa akiwa na mwili wake. Sasa tukienda kwa watu wanatuuliza kama hatumrishi."

Nilifungua kinywa, lakini yule mama alikuwa tayari amesimama.

"Mniulize mimi," alisema. "Mimi ndio mwenye mwili. Nilikuwa napanda ngazi nikishika ukuta kama mlevi. Sasa bunda la vitenge nabeba mwenyewe kutoka stendi mpaka sokoni. Mgonjwa anabeba bunda? Daktari amepunguza dawa. Nikiwa mnene na presha mlisema niko sawa. Si mngenizika nikiwa sawa hivyo hivyo?"

Mume wake aliinua macho akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu tulipoingia. Kisha ikasikika sauti kutoka pembeni.

"Huyo kijana anafundisha watu kusimama?"

Alikuwa kukhu. Nikamwambia ndiyo.

"Basi nifundishe mimi. Nikitaka kuenda choo lazima niite mtu. Wakiwa shamba nangoja tu."

Kaka mkubwa alianza kusema kwamba hilo si jambo la leo, lakini bibi alikuwa ameshatoa shuka magotini. Nilimtazama baba yangu. Akaniitikia kwa kichwa.

Nilipiga magoti mbele ya yule bibi. Sofa lilikuwa chini mno. Hata mimi lingenipa kazi. Nikaomba kiti cha mezani, kile kigumu chenye mikono, tukamhamishia hapo. Nikamwonyesha arudishe miguu nyuma kidogo, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asukume. Mara ya kwanza aliinuka kidogo akarudi chini. Mwanawe mkubwa akaruka kumshika.

"Wacha!" bibi alisema. "Nani amekuita?"

Akapumzika. Akainama tena, akasukuma mikono ya kiti, na polepole akasimama. Alisimama pale katikati ya sebule, mfupi, amenyooka kadiri mgongo ulivyoruhusu, akiwatazama watoto wake wote waliokuwa wamekaa.

"Hmm," akasema. "Mko wengi."

Kaka mkubwa ndiye aliyecheka kwanza. Chai ikaletwa, kisha kuku, na kikao hakijafungwa rasmi hata leo.

Mume alitusindikiza hadi barabarani. Baba alitangulia kidogo, nadhani kwa makusudi.

"Niliona mke wangu anaisha mbele yangu," yule bwana aliniambia. "Nilikuwa naogopa kumuuliza, maana nikiuliza ataniambia. Nikaachia wengine waulize. Usinione mbaya."

Nilimwambia sikumwona mbaya. Ilikuwa kweli. Mtu mwenye hofu ya namna hiyo utamkasirikiaje?

Mke wake alirudi jim wiki iliyofuata. Nami nikaanza kwenda Kamukuywa kumwona kukhu, na kila nilipofika nilikuta jirani mwingine ameletwa: mwenye nyonga, mwenye mgongo, mwenye mkono uliolegea baada ya kiharusi. Huyo wa mwisho nilimrudisha kwanza hospitali, nikaongea na waliomtibu, kwa sababu kuna mambo ambayo si yangu. Baadaye wao ndio wakaanza kunitumia watu. Kanisa moja mjini Bungoma likatupa ukumbi, na kina mama wakajaa na sketi zao na leso zao. Niliacha kazi ya orofani, nikasomea mazoezi ya wazee, nikafungua mahali pangu Kitale, chini, pasipo ngazi. Vijana wa vifua bado wanakuja na ninawapenda, lakini si wao wanaonilipia nyumba.

Kukhu aliishi miaka kadhaa zaidi. Jumapili za meza ya Bwana alikuwa akiinuka mwenyewe kwenda kuipokea, na hakutaka mtu amguse hadi arudi mahali pake. Alipofariki niliwekwa chini ya hema la familia. Kaka mkubwa alinitambulisha kwa waombolezaji kama mwalimu wa mama yao, kisha akakaa.

Darasa la Bungoma sasa lina walimu wawili. Siku ninazobaki Kitale linaongozwa na yule mama wa vitenge, aliyekwenda kusomea kazi hii wakati watoto wake wote walikuwa tayari na watoto wao. Ni mkali kuliko mimi. Nikipita bila taarifa hunipa mkeka na kunionyesha pa kukaa, nyuma kabisa, nami nakaa.