Behewa Lililostaafu Likarudi

Ptuu! Nikikumbuka siku ile natema mate mpaka leo.

Zamfira ni rafiki yangu tangu ujana: yeye fundi wa milango ya treni za chini ya ardhi, mimi mfagiaji wa mabehewa. Mkali, mvuta sigara, akikasirika hata mbwa wa karakana wanajificha. Vuli ile, mlango wa behewa moja kuukuu ulifunguka treni ikiwa mwendoni, mwanafunzi akaanguka, akavunjika nyonga. Wakubwa wakatangaza behewa limestaafu. Zamfira alilia kwa furaha, maana alikuwa amelipigia kelele miaka mingi.

Kumbe! Pasaka ikikaribia, tukalikuta kituoni limepakwa rangi ya buluu na kupewa namba mpya. Mlango ni ule ule. Wameleta na padri, analinyunyizia maji ya baraka kwa kishada cha mrehani. Lupescu, mkuu wetu, anajipiga ishara ya msalaba huku akichekea kamera.

"Bosi, mlango huo haushiki," Zamfira akamwambia mbele ya watu. "Utaua mtu."

"Dada, pensheni yako imekaribia. Usijitie kitanzi."

"Basi panda wewe. Kituo kimoja tu, na padri wako."

"Mimi? Gari langu linanisubiri juu."

"Loo! Baraka zote hizo na bado unaogopa?"

Lupescu akampa mgongo, akapanda ngazi na padri wake. Wanafiki wakubwa! Abiria wa asubuhi wakafunguliwa njia. Zamfira akawatangulia, akakaa kitako mlangoni, miguu nje, treni isiweze kuondoka.

"Msipande, jamani! Mlango huu ndio uliomwangusha yule mtoto!"

"We bibi, toka! Tunachelewa kazini!"

"Mlevi huyo! Mvuteni!" akadakia jamaa mmoja mwenye kofia.

Nikamshika bega. "Zamfira, inuka, mwenzangu. Watakuumiza."

"Niache! Hawajui wanachopanda."

Asante ya punda ni mateke. Jamaa wa kofia na mwenzake wakamkamata makwapani, wakambwaga nje, sakafuni pa kituo, kama gunia la viazi. Watu wakamruka wakiingia, wengine wakimkanyaga koti. Hakuna hata mmoja aliyesema pole.

Milango ikafungwa. Zamfira akajiinua kwa magoti, anapiga kioo cha mlango kwa viganja: "Sogeeni! Sogeeni basi, msiuegemee!"

Treni ikaanza kwenda. Jamaa wa kofia alikuwa ameuegemea mlango ule ule kwa mgongo, anacheka.