Dira ya Ottmar

Ottmar Schleich hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya ningemtukana nikalala usingizi wangu.

Miaka thelathini na moja alifanya kazi chini ya ardhi pale Mainz, Ujerumani, kwenye maabara wanakopiga protoni, chembe za ndani ya atomu, kwa mwanga mkali mpaka zitoe vichembe viitwavyo mesoni. Protoni huzunguka kama pia ya mtoto, na kazi ya Ottmar ilikuwa kuzielekeza pia hizo zote upande mmoja. Alidondosha spiriti tone kwa tone kwenye naitrojeni ya baridi kali, kila tone likaganda likawa ushanga mweupe. Shanga akazitia ndani ya friji lake kubwa, akawasha sumaku. Protoni zikielekea juu, mesoni nyingi huruka kushoto. Zikielekea chini, huruka kulia. Wasomi kazi yao kuhesabu tu. Lakini juu ni wapi na chini ni wapi? Hilo walimwachia Ottmar na vibandiko vyake, chekundu waya huu, cha bluu waya ule. Profesa, mkuu wa maabara, alikuwa na neno lake: "Akishasema Ottmar, mjadala umefungwa."

Sifa zile zilimlevya, jamani.

Akaja Frauke Tiedemann, binti wa kaskazini, mrefu, mkavu wa maneno, anasomea udaktari wa fizikia. Mesoni zake zikatoka kinyume na za maabara nyingine zote. Wenzake wamepata kushoto, yeye kulia.

"Umeweka alama ya kutoa penye ya kujumlisha," Profesa akamwambia. "Litafute kosa. Usipolipata, hakuna shahada."

Alilitafuta mwaka mzima, asilione. Ndipo asubuhi moja, saa nne, Ottmar yuko mezani na mafundi wenzake, soseji mkononi, Frauke akamsimamia.

"Samahani, Bwana Schleich. Ile sumaku ilifunguliwa ikatengenezwa kabla ya kipimo changu, sivyo?"

"Niliitengeneza mwenyewe."

"Basi tuiwashe kidogo tuisogezee dira, tuone sindano inaelekea wapi. Unayo kwenye droo, nimeiona."

Ottmar akafuta haradali kidoleni, polepole.

"Dira ni ya watoto wanaopanda milima, mwanangu. Nyaya hizi nimeanza kuzifunga wewe hujaota meno. Hebu karudie hesabu zako."

Mafundi wakaangua kicheko. Frauke akaiva uso, akaenda kwa Profesa. Profesa akapiga simu chini.

"Ottmar, nyaya ziko sawa?"

"Ziko sawa."

Mjadala ukafungwa. Mkataba wa Frauke ukaisha miezi mitano baadaye, akafungasha vitu vyake bila shahada. Hakuna aliyemuaga hata kwa kikombe cha kahawa.

Miaka sita ikapita. Wiki ya mwisho kabla ya kustaafu, Ottmar akapewa kazi ya kuibomoa sumaku ile ile. Alipofika kwenye kibandiko chekundu, chenye mwandiko wake na tarehe ya matengenezo, akalikumbuka swali la Frauke. Akaenda kuchukua dira, akaisimamisha wima kando ya sumaku. Akawasha umeme kidogo tu, na sindano ikageuka ikaelekea chini, palipotakiwa kuwa juu. Alikuwa amezichanganya nyaya mbili, huu mahali pa ule. Hesabu za binti wa watu zilikuwa safi tangu siku ya kwanza.

Akapanda kwa Profesa, akamweleza.

"Ottmar, ya kale hayo," Profesa akasema, huku akitia saini karatasi. "Ijumaa tunakuaga. Usituharibie keki."

Keki hiyo hakuila. Ijumaa alipanda treni hadi mji wa Bingen, kwenye duka la miwani alikosikia Frauke ameajiriwa. Akamkuta nyuma ya kaunta, anafuta lenzi.

"Bwana Schleich! Umekuja kupima macho? Mbona umechelewa?"

Ottmar akaweka dira juu ya kioo cha kaunta, akasema yote, hakubakiza. Frauke alimsikiliza amesimama.

"Nitaandika barua," Ottmar akamaliza. "Nitawaambia wote kosa lilikuwa langu."

"Andika. Hiyo dira, kupima nayo kulikuchukua muda gani?"

"Dakika tatu. Pamoja na kuitafuta kwenye droo."

"Tatu." Frauke akaiweka lenzi chini. "Sasa niambie ukweli. Siku ile ulikataa kwa sababu ulikuwa na hakika na nyaya zako?"

Hapo angeweza kudanganya, na mimi ningemsamehe. "Ndiyo" moja ingemtosha, na yule binti angebaki na bahati mbaya tu ya kulaumu. Lakini uzee ulikuwa umemchosha kusema uongo.

"Hapana," akasema. "Ulipouliza tu, nikaingiwa na shaka. Niliogopa isije ikawa kweli mbele ya wenzangu."

Frauke akaisukuma dira kwa kidole kimoja, taratibu, mpaka ikamfikia Ottmar upande wa pili wa kioo.

"Nina mteja," akasema. Nyuma ya Ottmar hapakuwa na mtu.